Alhamisi za Viziwi na Nikahi ya Majengo

Nimestaafu juzi juzi tu, na wakalimani vijana niliowaacha kule ukumbini Jericho wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya lugha ya ishara, jinsi nilivyoikuta na jinsi nilivyoiacha. Nadhani walitarajia mawaidha. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilikuwa vichache, na mshahara sitautaja kwa sababu hiyo hiyo. Nitaeleza jinsi kazi ilivyofanyika, kisha nitaeleza kuhusu nikahi moja ya Majengo. Hiyo ndiyo ninayoionea fahari kuliko zote, na kwa kuwa sasa niko nyumbani siogopi tena kuitwa mwenye majivuno.

Sikuingia kazini kama mkalimani. Niliajiriwa nikiwa msichana kushika funguo za ukumbi wa jamii: kufungua, kufunga, kupanga viti, na kugombana na wanamasumbwi walioacha glavu zao zenye jasho juu ya meza ya mikutano. Alhamisi mchana ukumbi ulikuwa wa watu wenye ulemavu wa mitaa yetu, kuanzia Jericho yenyewe hadi Majengo na Mathare. Wasioona walikuwa na kwaya yao karibu na jukwaa. Wenye viti vya magurudumu walikaa upande wa mlango, ambako sakafu ilikuwa sawa, na fundi mmoja wa baiskeli alikuja kuwazibia matairi. Muuguzi alipima presha. Mara moja moja alifika afisa wa kuandikisha watu wapate kadi za ulemavu, na siku hiyo tulijaa hadi barazani. Viziwi walikaa chini ya dirisha kubwa kwa ajili ya mwanga, na hao ndio walionichukua.

Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Were, seremala, kiziwi tangu utotoni. Aliitwa mwalimu kwa sababu alimfundisha kila mtu, apende asipende. Alhamisi yangu ya kwanza alikuja mezani kwangu akitaka jambo, nami nikapaza sauti ili anisikie. Alipoona shingo yangu inavyotoka mishipa akaziba masikio yake kwa viganja viwili, akakunja uso kama mtu aliyeumizwa na kelele, kisha akacheka mpaka akashika meza. Akavuta kiti, akakaa, akanifundisha ishara ya kiti, ya meza na ya mlango, vile vitu vilivyokuwa mbele yetu. Wiki iliyofuata akanifundisha nyingine bila kuniuliza kama nilizotaka.

Mwaka ulipokwisha niliweza kuzungumza nao. Mwaka wa pili niliweza kugombana nao, na Mwalimu akasema sasa nimeanza kujua lugha. Wakanipa jina la ishara, maana kwa viziwi jina lako la kuzaliwa halina kazi mpaka wao wakupe lao. Langu lilikuwa mkono unaozungusha ufunguo kiunoni. Kuna watu Eastlands nzima ambao mpaka leo hawajui kwamba naitwa Mama Kyalo.

Zana za kazi hii ni chache na vijana wengi huzidharau. Vaa blauzi ya rangi moja iliyo tofauti na ngozi yako, isiyo na maua, kwa sababu mtu atayakodolea macho mavazi yako mchana kutwa. Pete weka nyumbani. Kucha zisipakwe rangi. Usisimame dirisha likiwa nyuma yako, utageuka kivuli. Mabenchi yapangwe kama kwato ya farasi, kila mtu amwone kila mtu, maana kiziwi aliyekaa nyuma ya mwenzake ni sawa na mtu aliyefungiwa nje. Na kuwe na taa ya akiba. Stima ikipotea, wanaosikia huendelea na mkutano gizani na hata huongeza maneno. Viziwi mkutano wao umekwisha. Mimi nilikuwa na karabai yangu kabatini, na kuna kamati zilizookolewa na karabai ile ingawa hazikustahili.

Kazi yangu ya kwanza mbele ya umma ilikuwa baraza la chifu kuhusu maji. Chifu alikuwa mcheshi na hakupumua kati ya maneno. Aliposema utani watu wakaangua kicheko, nami bado nilikuwa kwenye sentensi ya nyuma nikihangaika na mabomba. Utani ulipowafikia viziwi wangu wakacheka kwa nguvu, wengine wakipiga mapaja, wakati chifu alikuwa ameshafika kwa watoto wanaougua kipindupindu. Alinyamaza, akawatazama, kisha akanitazama mimi. Mwalimu Were aliniambia baadaye kwamba nilifanya vizuri, ila nijifunze kukimbia.

Kanuni iliyonisumbua zaidi ni ya kusema "mimi." Mkalimani hasemi "anasema ana njaa." Husema "nina njaa," kwa kuwa maneno si yake. Nimesema kwa sauti yangu kwamba mimi ni mjamzito nikiwa na nywele za mvi. Nimesema mbele ya hakimu kwamba niliuza ile baiskeli na siwezi kukumbuka ilikuwa ya nani. Sokoni Jericho kuna mama wa mboga ambaye hakunisalimia muda mrefu kwa sababu nilimwambia nyanya zake zimeoza, ingawa mwenye maneno hayo alikuwa mteja kiziwi aliyesimama kando yangu, nyanya mkononi.

Siku ngumu zilikuwepo. Ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya hospitali, daktari aliponiambia nimweleze kijana mmoja kwamba mkewe hakuamka baada ya upasuaji. Mtu anayesikia hupata habari kama hiyo kutoka kinywani mwa daktari. Kijana yule aliipata kutoka mikononi mwangu, na alikuwa akinitazama mimi. Jioni sikuweza kumshika mtoto wangu. Nilimweleza Mwalimu Were, naye hakunipa pole. Alinipeleka bombani nyuma ya ukumbi, akanionyesha jinsi yeye mwenyewe alivyoosha mikono kila alipotoka kueleza jambo zito, polepole, hadi kwenye viwiko, kisha akaikung'uta. Nimefanya hivyo tangu siku ile, na nawasihi mfanye. Sijui inasaidia vipi, ila inasaidia.

Mwalimu Were alifariki kabla simu za video hazijaenea, na nasikitika hakuziona, kwa sababu angetusumbua usiku na mchana. Simu hizo zilibadilisha kazi. Viziwi walianza kuzungumza wao kwa wao kutoka mitaa mbalimbali bila kunipitia, na wengine walinipigia niko jikoni ili niwafasirie mwenye nyumba papo hapo, sufuria ikiungua nyuma yangu. Lakini Alhamisi waliendelea kuja. Kuna mambo ambayo mtu anataka kuyaeleza akiwa na chai mkononi, ingawa kwa viziwi kikombe lazima kiwekwe chini kwanza.

Sasa nifike kwa Shabani. Mzee Shabani wa Majengo alikuwa nasi tangu enzi za Mwalimu. Alitengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi kule sokoni Gikomba, na alipenda kutukumbusha kwamba katika safu ile yote ya mafundi wa nyundo, yeye pekee ndiye aliyerudi nyumbani bila kichwa kuuma. Watu wa mtaani walimwita bubu, jambo lililonishangaza, maana alipocheka alisikika hadi barabarani. Mkewe alifariki mapema akamwachia binti mmoja, Rukia, ambaye anasikia vizuri. Rukia alianza kumfasiria baba yake akiwa bado anahitaji kunyanyuliwa ili afikie dirisha la duka. Alijua kupunguza makali ya matusi ya mwenye nyumba kabla ya kuyafikisha, na kupunguza makali ya majibu ya baba yake njiani kurudi. Nilimwambia huo si ukalimani. Akaniambia, "Lakini bado tunaishi pale, Anti."

Rukia alikua, akapata kazi katika duka la vitambaa Eastleigh, na huko akampata Yusufu, kijana wa duka la jirani. Posa ikaletwa, siku ikapangwa. Ndipo Hamisi, mdogo wake Shabani, alipokuja ukumbini Alhamisi moja. Hamisi ni muuza viungo, mtu mpole, na ninaomba msimhukumu vibaya. Alikaa mbele ya ndugu yake akaeleza alichokuja nacho: kwamba siku ya nikahi yeye Hamisi ndiye atakayemwozesha Rukia kwa niaba ya baba, ili Shabani asiaibike mbele ya watu.

Nikamfasiria Shabani. Akaweka kikombe chini. Akajibu kwa ishara chache tu, na mimi nikasema kwa sauti kama kanuni inavyotaka:

"Baba yake ni mimi."

Hamisi alinigeukia. "Mama Kyalo, na heshima zangu zote, wewe si baba yake."

Nikamweleza, kama nilivyowaeleza wengi kabla yake, kwamba maneno yalikuwa ya Shabani na kwamba amtazame Shabani. Alijaribu. Niliona ilivyokuwa vigumu kwake kuongea akimkabili ndugu yake machoni, jambo ambalo nadhani hawakuwa wamelifanya sana maishani.

"Watu watakuwa wengi," Hamisi akamwambia. "Wazee wa kwao kina Yusufu watakuwepo. Sitaki wakucheke, kaka."

Mikono ya Shabani ikaanza, na sauti yangu ikaifuata. "Nilipotafuta chumba, ulinisemea wewe. Rukia alipoanza shule, ulinisemea wewe. Mama yake alipofariki, ulinisemea wewe. Nakushukuru kwa yote, na Mungu akulipe. Lakini huyu mtoto nitamtoa mwenyewe."

Nikaona sasa ni zamu yangu kutia moyo. Nilimwambia Shabani kwa ishara asiwe na wasiwasi. Mimi ni mwanamke, tena Mkristo, na nikahi ni msikitini upande wa wanaume, lakini tutatafuta jinsi. Nitasimama hata dirishani nimsemee. Akatikisa kichwa. Akaninyooshea kidole, si kwa ubaya.

"Hata wewe," akasema.

Iliniuma. Nilikuwa sauti ya mtu yule kwa chifu, hospitalini, hata kwa fundi wa simu. Nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nilipokuwa pale bombani nikaanza kumwelewa: kila mara Shabani alipoongea, watu waligeuka wakamtazama mtu mwingine. Siku ya Rukia alitaka atazamwe yeye mwenyewe akisema maneno yake.

Tulikwenda kwa sheikh wa msikiti wao, Shabani, Hamisi na mimi, akatupokea barazani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema katika sheria hakuna tatizo hata kidogo, kwamba ishara ya asiyeweza kutamka, ikiwa inaeleweka, huhesabiwa kuwa kauli yake. Shabani anaweza kumwakilisha mtu akipenda, na wazazi wengi hufanya hivyo, lakini halazimiki. Kinachotakiwa ni kwamba bwana harusi na mashahidi waelewe wenyewe anachosema. Kama wasipoelewa, hakuna ushahidi, na yeye hataifunga ndoa hiyo hivyo hivyo. Kisha akaniuliza swali lililogeuza kazi yangu.

"Unaweza kutufundisha?"

Basi Alhamisi zile kabla ya harusi nilikuwa na darasa chini ya dirisha kubwa. Alikuwepo sheikh, alikuwepo Yusufu, alikuwepo mzee mmoja wa kwao kina Yusufu kama shahidi, na shahidi wa pili alikuwa Hamisi. Ndiyo, Hamisi. Alisema kama hatasema kwa niaba ya kaka yake, basi atashuhudia, na hawezi kushuhudia asichokijua. Maisha yake yote na Shabani walikuwa wakielewana kwa "kula," "njoo," "twende," na kupigana mabega. Sasa mtu mzima yule alikaa kwenye benchi la ukumbi akijifunza ishara ya "binti," na alipoipata alirudia mara kadhaa akimtazama kaka yake, na Shabani alimrekebisha kidole gumba kwa upole nisiotegemea.

Sheikh ndiye aliyeshika haraka kuliko wote. Nadhani alifanya mazoezi nyumbani. Yusufu ndiye aliyetutesa.

"Mathe, hizi vidole zangu zimekataa," akaniambia.

Nikamwambia vidole hivyo hivyo ndivyo vinavyopima vitambaa siku nzima bila kulalamika, na aendelee. Kwaya ya wasioona ikatuma mtu kuja kuuliza kwa nini kona ya viziwi ina kelele kiasi kile. Tukaomba radhi.

Alhamisi ya mwisho tukafanya jaribio zima. Shabani na Yusufu wakaketi wakielekeana, sheikh kati yao, mashahidi pembeni. Kwa desturi yao anayeozesha na anayeoa hushikana mkono wa kulia wakati wa kutamka, na Yusufu, aliyekuwa amelikariri hilo vizuri kuliko jambo lolote nililomfundisha, akanyoosha mkono akaukamata wa mkwewe kwa nguvu na heshima zote. Sheikh akamwashiria Shabani kwa kichwa aseme. Tukasubiri. Shabani akatutazama mmoja mmoja. Hamisi akaanza kuhema, nikajua anawaza kwamba ndugu yake ameshikwa na woga, na mimi mwenyewe, mwenye miaka yote hii kazini, niliwaza vivyo hivyo. Ndipo Shabani aliposhusha macho akautazama mkono wake ndani ya mkono wa Yusufu, na akapasuka kicheko. Tulikuwa tumemziba mdomo, kisha tukamwambia aongee.

"Sasa nikimshika, ataongea aje?" Yusufu akauliza, akauachia mkono kama uliomchoma.

Tulicheka sana, lakini Hamisi hakucheka. Kwake nikahi bila mikono kushikana haikukaa sawa, na alisema hivyo. Sheikh akaeleza kwamba kushikana mikono ni desturi nzuri wala si nguzo. Shabani atasema kwanza mikono ikiwa huru, na kijana akianza kujibu ndipo washikane. Bado Hamisi alionekana mwenye mashaka. Shabani akasogeza kiti chake mbele, mpaka magoti yake yakagusana na ya Yusufu, akamtazama Hamisi kama anayeuliza hii je? Hamisi akafikiri. Akajibu kwa ishara, bila kunigeukia: "Sawa."

Siku yenyewe wanaume walijaa msikitini, nasi wanawake tulikuwa uani kwa Hamisi, ukuta mmoja tu kati yetu. Kipaza sauti kilikuwa kimeningʼinizwa juu ya mlango ili tusikie. Kulikuwa na kahawa, halua na mahamri, na Rukia alikuwa amekaa katikati kwenye mkeka, mtandio umemfunika, mikono imejaa hina. Wanawake viziwi wa Alhamisi walikuwepo pia, kwa hiyo nilikuwa na kazi ndogo: sheikh alipotoa hotuba, niliwafasiria. Jirani mmoja alinong'ona kuniuliza mbona niko huku, je, Mzee Shabani atafanyaje bila mimi? Nikamwambia tusubiri. Kama Yusufu angesahau, kama mzee wa kwao asingeelewa, kama mtu mmoja tu kule ndani angecheka, Shabani asingepata nafasi nyingine. Alikuwa na binti mmoja.

Hotuba ikaisha. Sheikh akasema, "Bismillahi, Mzee Shabani." Kisha kipaza sauti kikanyamaza.

Tulikaa. Wanawake wakaanza kutazamana. Mmoja akasema stima imepotea, mwingine akasema ni waya, huo waya una matatizo tangu maulidi. Shangazi yao mmoja akanyanyuka, akapanda kiti, akanyoosha mkono autikise.

Rukia akainua mtandio. Bibi harusi kwao hatarajiwi kupaza sauti saa ile, lakini alipaza.

"Usiguse, Shangazi. Baba anaongea."

Ua lote likatulia. Hata watoto. Na tulipotulia tukasikia, maana mwenye mitambo alikuwa amemwekea Shabani maikrofoni mbele yake kwa mazoea, na hakuna aliyeiondoa: kanzu ikisugua, mkono wa kanzu ukipanda na kushuka, kiganja kikigonga kiganja, pumzi ya mtu mzima. Wanawake wa Majengo walisikiliza sauti hizo vichwa vimeinama, kama wanavyomsikiliza mzazi yeyote. Wale viziwi walinitazama wajue kinachosemwa. Sikuwa na neno la kuwafasiria, wala kule ndani hakuna aliyekuwa akinitafuta. Mikono yangu ilikuwa mapajani, imetulia, na nilijivunia kazi yangu mpaka machozi yakanitoka.

Kisha sauti ya Yusufu ikaja, bila kukosea.

"Nimekubali kumuoa Rukia, binti yako."